Kuwalisha Wadudu wa Uani

Machi 10, Jumatatu

Daftari hili si langu. Ni la Kokushubila, yule msichana wa maabara ya Mikocheni. Kanipa leo asubuhi pamoja na kipima mvua cha plastiki na kalamu mbili. Kurasa za kushoto kazichora mistari kwa rula: mvua ya jana, lita nilizomimina, harufu, saa. Kila Ijumaa napiga picha ukurasa wa kushoto na kumtumia kwa simu. Nikamuuliza, na wa kulia? Akasema uache tu, wino unapenya. Wino haupenyi, nimejaribu. Kwa hiyo wa kulia ni wangu.

Mimi ni Raudha binti Mbwana, miaka hamsini na miwili, mtengeneza achari hapa Mbagala tangu Farida wangu ananyonya, na sasa Farida ana watoto wake. Miaka tisa iliyopita marehemu mume wangu, Salumu, aliikodishia ua wetu kampuni moja ya kutafuta madini. Walikuwa wakihifadhi mawe waliyoyachimba huko kusini. Kampuni ikafa, wenyewe wakatokomea, mawe yakabaki. Sisi tuko bondeni, kila masika tunaishi na maji ya vifundoni, na mtu wa bondeni akiona kifusi cha bure hakiachi. Salumu akayaponda yale mawe, akasawazisha ua mzima. Nilimsifu sana. Niliwaita hadi majirani waje waone ua usiotuamisha maji.

Kumbe mawe yalikuwa na urani.

Mwaka jana walikuja watu wa ofisi moja ya serikali na kidude kinacholia kama njugu zinazokaangwa. Mawe wameyazoa yote kwenye mapipa, wakaondoka nayo. Iliyobaki ni ile iliyokwisha kuyeyuka na kushuka kwenye maji ya chini, hadi kisimani kwangu. Kisima kimefungwa kwa mfuniko na kufuli. Figo zetu zimepimwa, mimi na mpangaji wangu Mwalimu Atuganile, tuko salama. Lakini barua ya ofisi yao niliyoletewa Januari inasema hivi: ikifika Juni 30 na maji ya kisima bado yana urani zaidi ya thelathini kwa kipimo chao, ua utachimbwa mita nne kwenda chini. Nyumba imekaa katikati ya huo ua. Itabidi ivunjwe, nami nipewe kiwanja kingine mbali huko.

Leo kipimo ni sabini na moja.

Machi 11

Koku kanifundisha upishi wa wadudu. Anachemsha ndoo nzima ya maji, anayaacha yapoe na mfuniko umebana ili hewa iliyotoka isirudi. Halafu siki. Halafu magadi ya unga, kidogo kidogo, mpaka povu liishe. Nilimwangalia akipima siki kwa kile kikombe chake cha mistari kama mtu anayepima dhahabu, nikajizuia nisimwambie kwamba nimemimina siki miaka zaidi ya yote aliyoishi duniani.

Nilidhani wadudu kaja nao kwenye chupa. Hapana. Walikuwamo udongoni siku zote, wadogo wasioonekana kwa macho, wengi kuliko watu wa Mbagala, ila wana njaa. Sisi tunawapa chakula tu. Akaeleza taratibu, na nikiri kwamba anaeleza vizuri: sisi tunavuta hewa, lakini hawa wakikosa hewa hutumia chuma na madini mengine yaliyomo majini badala yake. Wakiishika urani iliyoyeyuka wanaigeuza, haiyeyuki tena, inatulia kwenye mchanga kama unga wa muhogo unavyotuama chini ya bakuli. Haitembei tena na maji.

"Kwa hiyo wanaimaliza," nikasema.

"Hapana, mama. Inabaki huko huko chini. Ila inakaa kimya."

Hilo sikulipenda. Nilikwisha kuwaambia wanawake wa gengeni kwamba wadudu wanakula sumu mpaka inaisha.

Kazika mabomba matano uani, matatu ya kulishia na mawili ya kuchotea maji ya kupima. Nisiyafungue bila sababu, hewa isiingie. Nisiingize dawa yoyote kwenye mabomba, wala sabuni, wala chochote. Kila asubuhi lita kumi. Msichana mwembamba huyu, viatu vyake vya mpira vinampwaya, anavyotoa amri utafikiri mkwe.

Machi 13

Mvua hakuna. Lita kumi. Nimefunga, na harufu ya siki alfajiri kwa aliyefunga ni mtihani.

Machi 16

Mvua kidogo. Lita kumi. Hakuna jipya.

Machi 20

Shemeji Badru kaja kukagua. Ni mdogo wa Salumu, ni mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, na ana tabia ya kuingia uani kwa mtu huku anahesabu kasoro. Akazunguka mabomba, mikono nyuma. Akasema kwa maoni yake wangechimba tu, mambo yaishe. Nikamwambia kwa maoni yangu asubiri futari, njaa inamsemesha. Hakucheka. Nadhani angefurahi kuniona naondoka, kiwanja hiki kilikuwa cha baba yao.

Machi 28

Matokeo: sitini na sita. Koku kapiga simu mwenyewe, sauti imemtoka juu kama ya mtoto aliyeshinda mbio. Nimemwambia asijisifu mapema, lakini nilipokata simu nilikaa kwenye kigoda nikatabasamu peke yangu.

Machi 31, Idi

Nilitengeneza achari ya ndimu na ya maembe mabichi, chupa arobaini, kwa maji ya bomba la serikali. Mwaka juzi arobaini ziliisha kabla ya swala. Jana na leo nimeuza sita. Genoveva wa nyumba ya pili, aliyekuwa hakosi kununua chupa mbili, kapita mbele ya meza yangu anaangalia simu isiyolia.

Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile, na ningefanya kwa kelele zaidi.

Mwalimu Atuganile kala achari na pilau mpaka machozi yakamtoka kwa pilipili. Huyu anatoka Tukuyu, hajui kuogopa chochote kilichomo kwenye sahani.

Aprili 4

Mvua milimita thelathini na moja. Lita kumi. Bomba la pili, nilipolifungua kulisha, lilitoa harufu ya matope ya mtoni. Nimeandika kushoto: matope.

Aprili 7

Koku kafurahia matope. Maji aliyochota leo yalikuwa na vipande vyeusi, akayainua juani kwenye chupa akayatazama kama bibi harusi anayeangalia bangili zake. Anasema wamekubali chakula. Nikamuuliza na yeye je, amekula? Alikuwa hajala tangu jana. Nikampa ubwabwa na samaki wa kukaanga. Anakula haraka, kama mtu aliyelelewa bweni. Akaniambia mama yake yuko Muleba na hajui hasa binti yake anafanya kazi gani, anajua tu ni ya udongo.

Aprili 11

Hamsini na mbili.

Usiku wote uliopita nililala usingizi wa moja kwa moja, wa kwanza tangu Januari.

Aprili 15

Imetangazwa Siku ya Dawa. Ni Jumamosi hii.

Siku hii ni ya mtaa wetu, sijaiona kwingine. Ilianza mwaka ule wa kipindupindu kilichotuulia watu sita. Kila masika, Jumamosi moja, kamati inapita kisima kwa kisima na ndoo ya klorini. Dawa anaitia mwenye kisima kwa mkono wake, mbele ya majirani, kisha Badru anapiga alama ya chaki mlangoni. Nyumba isiyo na chaki haipelekewi sahani na jirani wala hakinunuliwi chakula chake mpaka mvua ziishe. Hakuna aliyeiandika sheria hii, na hakuna anayeivunja.

Kisima changu kimefungwa, nadhani hawatanifikia.

Aprili 19, Jumamosi

Wamenifikia.

Saa nne kasoro walikuwa mlangoni, Badru mbele na ndoo, nyuma yake watu kama kumi na watano, Genoveva akiwemo. Nikawaambia kisima kimefungwa, hakuna anayekunywa. Badru akasema anajua, lakini mvua ikijaza, maji yanapanda na kutoka, kisha yanaingia kwa wengine.

"Shemeji," akasema, "kufuli iko juu. Maji ya chini hayana kufuli."

Nikawaza mabomba ya Koku. Nikajiambia alisema mabomba, kisima hakukitaja. Kisima kiko hatua kumi na mbili kutoka bomba la karibu. Nikajiambia hivyo haraka haraka, na mtu anayejieleza haraka haraka anajua anachokifanya. Nilikuwa nawaangalia wale watu. Kuna mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma asiguse ukuta wangu. Ukuta wangu, nilioupaka chokaa kwa mkono wangu. Nilichoka kuwa nyumba ya kuogopwa.

Nikaingia ndani nikatoa ufunguo. Nikafungua. Badru akanipa kopo, nikatia la kwanza, na kwa vile walikuwa wananitazama nikatia la pili. Mtu akasema mashallah. Badru akapiga chaki mlangoni, mstari mnene, mweupe, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukafurahi. Genoveva kanunua chupa mbili hapohapo.

Wameondoka saa tano. Nikalisha wadudu lita kumi, kama kawaida, nikaandika kushoto: mvua milimita nane, lita kumi, harufu ya matope, saa tano na robo. Dawa sikuiandika. Kushoto hakuna mstari wa dawa.

Aprili 20

Mvua milimita arobaini. Nimeuza chupa tisa.

Aprili 22

Nimeuza chupa kumi na moja. Bomba la pili halina harufu yoyote.

Aprili 25, Ijumaa

Nimempigia Koku picha ukurasa wa kushoto. Kashukuru, kaweka na ua jekundu kwenye ujumbe.

Aprili 29

Themanini na nane.

Koku alidhani mashine ya Mikocheni imekosea, akapima tena kabla ya kuniambia. Haijakosea. Akaniuliza kwa simu kama kuna chochote kilichobadilika. Nikamwambia mvua imezidi. Hilo ni kweli, limo hata kwenye kipima mvua.

Mei 3, Jumamosi

Leo ndiyo siku ya kuandika kurasa.

Mvua ilianza alfajiri na haikuwa ya kunyesha, ilikuwa ya kumwagika. Saa mbili maji ya mtaro yalikata kona na kuingia uani. Kifusi kiliondoka mwaka jana, kwa hiyo ua wangu sasa uko chini kuliko njia. Maji yakafika kwenye shingo za mabomba. Koku alikwisha kuniambia: maji ya mvua yana hewa tele, yakiingia bombani wadudu wanakoma kazi. Nikatoka na mifuko ya nailoni na mipira ya baiskeli ya kufungia. Mwalimu Atuganile akatoka na kanga ya kulalia, tukafunga manne. Bomba la tano mpira ukanikatikia mkononi.

Nikasikia mtu anakanyaga maji nyuma yangu. Badru. Suruali imekunjwa juu ya magoti, kichwani ana karai, na ndani ya karai udongo wa mfinyanzi. Katembea nao kutoka kwake, mtu wa miaka sitini na mbili. Akapiga magoti kwenye yale maji na kuanza kukandika udongo kuzunguka bomba, kama fundi anayeziba tundu la mtungi. Tulikaa hivyo kama muda wa saa mbili, kila maji yakiula udongo tunaongeza mwingine.

Nikamuuliza mbona amekuja, si alitaka wachimbe? Akasema alitaka wachimbe kwa sababu hakuamini siki. Kisha akasema kitu ambacho nilikijua lakini miaka yote sikukifikiria. Katika wale sita wa kipindupindu, mmoja alikuwa mkewe. Alikunywa maji ya kisima cha jirani aliyeona haya kusema kisima chake kina matatizo.

"Tangu hapo mie sipendi kisima chenye siri," akasema.

Maji yalipungua saa tano. Hakuna bomba lililoingia maji. Badru kaondoka na karai lake, analalamika kiuno, na mimi nimekaa hapa na daftari hili lenye siri kulia kwake.

Mei 4

Sikwenda gengeni. Lita kumi.

Mei 9, Ijumaa

Tisini na tatu.

Koku kaja bila kuniarifu. Hakuvaa viatu vya mpira, kavaa viatu vya ofisini. Akakaa jikoni kwangu akasema anaona ni vizuri nisikie kutoka kwake. Wakubwa zake wameangalia namba wakasema udongo wa huku haufai, wadudu wake hawawezi. Jumatatu anaandika ripoti ya kufunga kazi. Ofisi ikiipata haitasubiri Juni 30, wataanza kuchimba mvua zikikatika.

Nikadhani atalia, hakulia. Alikuwa anahesabu upya kwenye karatasi, anatafuta alipokosea. Labda siki ilizidi. Labda aliweka mabomba karibu mno. Labda alijiona anajua kuliko anavyojua, hilo nalo alilisema. Kila kosa alilolitaja alijitwisha yeye.

Na mimi nilikuwa namkatia chungwa. Nililikata vipande vidogo vidogo mpaka likawa halina maana.

Ameondoka bila kulila.

Mei 10, Jumamosi

Jana nilishinda nikijitetea. Nikisema, nyumba bado itavunjwa, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyeharibu. Nikisema, Badru atalaumiwa na Siku yake ya Dawa, na ndicho kitu pekee alichokijenga juu ya kaburi la mkewe. Nikisema, mtaa mzima utajua kwamba Raudha alikuwa mwongo. Nikinyamaza, nyumba inavunjwa vilevile, lakini naondoka na heshima. Niliipenda sana hiyo ya mwisho. Niliigeuza geuza nusu siku.

Kilichonishinda ni zile hesabu za Koku. Atakwenda nazo kila mahali. Kila atakapofika na mabomba yake, ataambiwa na atajiambia kwamba Mbagala ilishindikana. Na kuna ua kama wangu mwingine mahali, mtu kaumwagia kifusi akaita jirani aje kusifu, hatapata siki kwa sababu mimi nilitaka kuuza achari.

Nimepanda gari mbili mpaka Mikocheni na daftari kwenye mkoba. Maabara yenyewe iko katikati ya karakana ya magodoro na nyumba za watu, sikuitegemea hivyo. Koku alikuwa peke yake, anafungasha chupa. Nilimwekea daftari mezani nikamfungulia Aprili 19, ukurasa wa kulia.

"Soma hapo," nikamwambia. "Mkono ni wangu. Badru hakujua, mie nilijua nusu, na hiyo nusu ilitosha."

Alisoma. Akarudia. Akarudi nyuma akasoma kurasa nyingine, na hapo nikakumbuka niliyoyaandika kuhusu viatu vyake na wembamba wake, nikatamani sakafu inimeze. Alipofika mwisho akanyanyuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nilijiandaa kwa lolote.

Akageuka. Uso ulikuwa umelowa, lakini alikuwa anacheka.

"Mama, kopo mbili?"

Nikasema mbili.

"Basi walikuwa wanafanya kazi," akasema. "Bi Raudha, hawakushindwa. Tuliwaua."

Akanieleza mbio mbio, mikono inaruka. Dawa inafanya mambo mawili. Inawaua wadudu, na ile urani waliyokwisha kuituliza inaiyeyusha tena. Ndiyo maana namba haikurudi tu sabini na moja, ilipita. Kama wadudu wasingekuwa wameituliza, dawa isingekuwa na cha kuyeyusha. Kosa langu ndilo ushahidi alioukosa. Sikujua nifurahi au nijifiche.

Kabaki na daftari mpaka Jumatatu; haya ya leo nayaandika kwenye karatasi, nitayabandika.

Mei 12, Jumatatu

Daftari limerudi. Yafuatayo ni maandishi yake, si yangu, na wino haukupenya:

"Miezi miwili nimekula kwa mama huyu, sikumuuliza hata siku moja mtaa wao unafanyia nini visima masika. Kwetu hatutii dawa visimani, kwa hiyo sikuwaza. Nilisema mabomba nikadhani nimesema yote. Kosa ni letu wawili. Viatu vinapwaya kwa sababu ni vya kaka yangu. K."

Ripoti ya kufunga hakuiandika. Kaandika nyingine, kaeleza dawa, kaomba tuachiwe mpaka tarehe ya barua. Wamekubali, lakini siku haziongezwi. Klorini anasema itaisha nguvu yenyewe udongoni, na wadudu waliokuwa mbali na kisima wako hai. Tunalisha lita ishirini badala ya kumi, na bomba moja jipya litawekwa karibu na kisima.

Tumebakiwa na siku arobaini na tisa.

Mei 17, Jumamosi

Mkutano wa mtaa. Niliomba kusema kabla ya ajenda. Nilisimama na kusema yote, hata ya chupa tisa na kumi na moja. Nikasema pia kwamba kisima changu si cha kutiwa dawa tena, na kwa hiyo mwakani sitastahili chaki, na anayetaka kuniogopa aendelee.

Genoveva alikuwa anaangalia vidole vyake. Nilimtazama Badru kwa sababu ndiye niliyemwogopa. Alichukua muda kuinuka, kiuno bado.

Akasema yeye ndiye aliyekwenda na ndoo, na akaenda na watu kumi na watano ili mwenye kisima asiweze kukataa. Akasema alifanya hivyo kwa makusudi, kwa visima vyote, miaka kumi na minne, na hajutii visima vingine. Lakini chaki ni ya mwenye kusema ukweli wa kisima chake, hiyo ndiyo ilikuwa maana yake tangu mwanzo, na kama watu wamesahau basi kosa ni lake mwenyekiti. Kisha akakaa, akaendelea na ajenda ya mitaro.

Nimeishi na shemeji huyu miaka thelathini na sikumjua.

Mei 18

Mlangoni chaki imepigwa upya. Sikumsikia akija.

Mei 21

Mvua milimita tano. Lita ishirini. Siki imepanda bei, nimeanza kutengeneza ya mananasi mwenyewe. Koku kaipima, kasema inafaa. Bila shaka inafaa.

Mei 27

Sitini na nne. Bomba jipya linanuka matope.

Juni 2

Mvua hakuna. Lita ishirini. Badru anakuja kila asubuhi "kukagua". Leo alikagua huku anakoroga magadi, na akayamwaga yote kwa mpigo, povu likapanda mpaka kwenye mikono ya shati. Nimemwambia taratibu, shemeji, unalisha, huzimi moto.

Juni 7, Idi ya kuchinja

Chupa ishirini na mbili. Si arobaini, lakini hakuna aliyepita anaangalia simu.

Juni 10

Arobaini na moja.

Nimemwota Salumu, yuko uani anasawazisha mawe, kanipa mgongo. Nilikuwa na hasira naye mwaka mzima, na kwenye ndoto sikuwa nayo. Alitaka mkewe asikanyage maji. Na mimi nilitaka majirani wanunue achari. Tumefanana kuliko nilivyodhani.

Juni 16

Lita ishirini. Siwezi kula vizuri. Mwalimu Atuganile anasema nimeanza kuongea na mabomba.

Juni 24, Jumanne

Koku hakupiga simu. Alikuja. Nilimwona kwa mbali anaingia njia yetu, kwenye viatu vya kaka yake, nikajaribu kusoma mwendo wake nikashindwa, maana kwenye vile viatu mwendo wake ni uleule siku zote.

Badru alikuwepo, na Mwalimu. Akatoa shikamoo kwa wote, mmoja mmoja, na mimi nikaitikia marahaba haraka haraka ili afike kwenye namba.

"Ishirini na saba," akasema.

Akasema zaidi ya hapo: kapima mara tatu, mabomba yote mawili ya kuchotea pia yako chini ya thelathini, ripoti imekwisha kufika ofisini na wameipokea. Hawachimbi. Badru alikaa chini, kwenye udongo, kama mtu aliyeshusha gunia. Mimi nililia wazi wazi, sikuona sababu ya kujificha.

Kisha Koku akasema la pili, kwa sababu sasa tumekubaliana kusemeana yote. Kisima kinabaki kimefungwa, maji yake si ya kunywa wala ya achari, labda kwa miaka mingi. Na wadudu wakiachwa na njaa, hewa itarudi na urani itaanza kuyeyuka tena. Ni lazima waendelee kulishwa, kidogo kidogo, siku zote. Anakisia miaka minane. Yeye hawezi kuwa hapa miaka minane. Akaniuliza kama naona ni mzigo.

Nikamwambia nitakuwa na sitini. Badru akasema yeye atakuwa na sabini, na atakuwa ameshajua kumwaga magadi.

Juni 28, Jumamosi

Mvua hakuna. Lita kumi, tumerudi kwenye kumi.

Kuna jambo sikuliandika humu masika yote, si kwa siri, ni kwa aibu ya kulitazama. Bati la chumba changu linavuja. Lilianza Januari, wiki ileile ya barua. Nililala na sufuria miguuni na beseni karibu na mto, na kila mvua nilisema naziba la nini, la kuja kuvunjwa?

Leo nimemwita fundi Adelard. Kapanda, kagonga gonga, kashuka akiwa na kutu mpaka kwenye nyusi. Akasema kiraka hakifai, upande mzima ubadilishwe. Akaniuliza niweke geji thelathini, ile nyembamba ya kusogeza siku, au ishirini na nane, nene, inayokaa.

"Weka inayokaa," nikamwambia. "Mie nipo."